Niliitwa Kigali kwa Ubatizo wa Mtoto

Kila anayenikuta sokoni hapa Kayanga ananiuliza Kigali kukoje, nami namjibu "tumerudi salama" halafu najifanya nachagua nyanya. Si kwamba sina la kusema. Ninalo, ila sijui lianzie wapi, na nikilianzia katikati watu wananitazama kama mwenye homa. Basi nimeamua kuliandika lote, mlisome kwa nafasi yenu, na atakayeelewa zaidi yangu anieleze na mimi.

Dorkasi mnamkumbuka. Ni yule Mnyarwanda wetu aliyeletwa Karagwe akiwa mdogo, wazazi wake wakikimbia, akasoma nasi, akaolewa na fundi viatu, akafiwa, na hakujaliwa mtoto. Vita ilipoisha katikati ya mwaka huu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurudi kwao, ingawa huko kwao alikuwa hakumbuki hata kona moja ya njia. Mwezi wa kumi na moja dereva wa lori la maharage akaniletea ujumbe wa mdomo: Dorkasi amepata mtoto, ananitaka kwenye ubatizo, na nisikose, kwa sababu mambo ya ubatizo niliyemfundisha ni mimi.

Amepata mtoto! Dorkasi ni rika langu, na mimi nina wajukuu. Nilimwuliza dereva kama amesikia vizuri, akaapa. Nikamkumbuka Sara mke wa Ibrahimu, nikasema Mungu hashindwi, nikaanza kufuma kofia ya kichanga.

Hilo la kufundisha ni kweli. Miaka mingi nilishika darasa la ubatizo kanisani kwetu, na sehemu niliyoipenda ni ya mwanzo kabisa: Wayahudi waliokuwa wakizama majini kujitakasa, tena na tena maishani, kisha Yohana pale Yordani akiwaita watu watubu, kisha Wakristo wa kwanza, walioichukua desturi hiyo ya kuzama wakaifanya kitu cha mara moja tu. Wanafunzi wengi walisinzia hapo. Dorkasi hakusinzia, na sasa najua alikuwa anaweka akiba.

Kayanga hadi Kasulo

Tulikubaliana kuondoka asubuhi, tukaondoka mchana, kwa sababu dereva alikuwa hajamaliza kugombana na wapakiaji. Nilikaa mbele, kopo la senene wa kukaanga mapajani. Ulikuwa msimu wa panzi hao, na Dorkasi asingenisamehe kama ningefika bila senene.

Katikati ya pori la Kimisi springi ikavunjika. Dereva akaingia chini ya lori na panga na kipande cha mti, mimi nikabaki juu napigana na mbung'o. Wale wadudu wanauma kupitia khanga mbili. Nikamwuliza atamaliza saa ngapi, akanijibu kwa upole kutoka huko chini, "Mwalimu, wewe funga dirisha tu." Dirisha lenyewe halikuwa na kioo.

Kasulo nilifika nimevimba shingo. Ile njia panda mliyoijua, vibanda viwili vitatu na mbuzi barabarani, haipo tena. Sasa ni mahema ya plastiki mpaka macho yanachoka. Nilinunua chai na maandazi kwa mama mmoja wa Kinyarwanda wa kambini, akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia Kigali, kwenye ubatizo. Akaacha kumimina chai.

"Sisi tumekimbia huko, wewe unaenda?"

"Rafiki yangu amerudi kwao. Amepata mtoto."

"Na nani iko inabatiza sasa?"

Sikujua. Akanitazama, kisha akaniongeza andazi moja la bure, na mpaka leo sijui lilikuwa la huruma au la kejeli. Tulipoondoka dereva akanionya nisiulize watu maswali upande huu, na upande wa pili nisiulize kabisa. Nilikuwa sijauliza hata moja.

Darajani Rusumo

Maporomoko ya Rusumo mimi nilikuwa nikiyaonyesha wanafunzi kwenye ramani tu. Niliahidi nafsi yangu kwamba siku nikifika nitasimama niyatazame vizuri. Tukafika, dereva akapunguza mwendo kwenye daraja, na mimi nikageuza uso nikatazama magunia.

Mnajua kwa nini. Mnakumbuka ule mwezi wa tano, habari zilipofika za miili ambayo mto huu wa Akagera ulikuwa ukiiteremsha ziwani, na jinsi tulivyoacha kula samaki. Darasani nilikuwa nikichora mto kwa chaki na kueleza kwamba Wakristo wa kwanza walipendelea kubatizia kwenye maji yanayotembea, maji hai kama walivyoyaita. Sasa nilikuwa juu ya maji yanayotembea na sikuweza kuyaangalia. Nilisikia kelele zake tu, na zilikuwa kubwa.

Ukivuka daraja uko Rwanda, na magari yanapita kulia. Dereva alijua, mikono yake ndiyo iliyosahau, tukakutana uso kwa uso na lori la misaada. Wakapigiana honi, wakatukanana kila mmoja kwa lugha yake, wakapishana. Kwenye kizuizi askari mmoja mwenye mvi za mapema akataka kuona kopo langu.

"Mama, hii iko nini?"

"Senene."

Akafungua, akanusa, na sura yake yote ikalegea. "Nsenene! Mimi nimezaliwa Mbarara, mama. Tangu tuingie vitani sijaonja." Akachota mkono mmoja, akamwita mwenzake, na mwenzake akachota. Huku akitafuna akaendelea na kazi yake. "Unaenda kufanya nini Kigali?"

"Ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu."

"Baba ya mutoto nani?"

"Simjui."

"Amezaliwa lini?"

"Sijui."

"Sasa wewe mama, unajua nini?"

Akacheka, akanirudishia kopo likiwa nusu, akatuinulia kamba.

Kibungo, Kayonza, na kikombe nilichonyang'anywa

Kuanzia hapo barabara ni ya lami nzuri kuliko zote nilizowahi kupita, na hilo nalo lilinichanganya, kwa sababu nilitegemea mashimo. Mashamba ndiyo yaliyokuwa yamekaa vibaya. Ndizi zilikuwa zimeiva mgombani mpaka zikapasuka, na hakuna mtu wa kuzikata. Unapita nyumba kumi hazina moshi, ya kumi na moja kuna mama anafagia uwanja kana kwamba hakuna lililotokea. Kisha tunakutana na ng'ombe wenye pembe ndefu, kundi baada ya kundi, wanatoka Uganda na wenye mali wanaorudi, na dereva anazima injini tunangoja wapite.

Kayonza tulikaa sana kwa sababu hiyo. Nilikuwa na njaa, nikanunua mishikaki, na kando ya mchomaji mama mmoja aliuza maziwa, nikanunua na maziwa. Nilipoinua kikombe, nyama ikiwa bado mdomoni, yule mama akanishika mkono akaninyang'anya kikombe. Hakunifokea. Alisema taratibu, kama anayemwongoza mgonjwa, "Si pamoja, mama. Ng'ombe yangu itakauka." Wenye ng'ombe wa huko hawachanganyi maziwa na nyama, na mimi nilikuwa nataka kumkausha ng'ombe aliyetembea kutoka Uganda. Nikaomba radhi. Akanisubirisha mpaka alipoona nyama imeshuka, ndipo akanirudishia.

Kabeza

Kabeza ni mtaa wa upande wa uwanja wa ndege, maduka madogo madogo, na mengi wakati ule yalikuwa yamefungwa. Nilimwuliza muuza mkaa anionyeshe kwa Dorkasi.

"Dorokasi ya Tanzaniya? Iko hapa hapa, mulango ya kijani. Ile ya mutoto."

Tulikumbatiana mlangoni mpaka kopo likaanguka. Nyumba haikuwa yake. Aliikuta tupu, na ukutani bado kulikuwa na alama za mahali picha zilipotundikwa. Nilikaa nikiwa nimezipa mgongo, nikatoa kofia yangu ya kichanga, nikauliza mtoto amelala wapi.

Mlango wa uani ukafunguka, akaingia msichana wa kama miaka sita na kidumu cha maji kichwani, meno ya mbele yameng'oka. "Ndiye huyo," alisema Dorkasi. "Uwase." Nikabaki nimeshika kofia inayotosha chungwa. Dorkasi alicheka mpaka akakaa chini, na nilifurahi, maana hakucheka tena siku zote nilizokaa naye. Kofia tulimpa mjukuu wa muuza mkaa.

Alinieleza kwa Kiswahili, ili mtoto asifuatilie. Alipofika Kabeza alimkuta Uwase bombani kila asubuhi, anawachotea maji watu ili wampe chakula. Majirani wa zamani walikuwa wamebaki wachache mno, na hakuna aliyejua ni wa nani. Siku moja akampa uji. Kesho yake mtoto akarudi, na kesho kutwa hakuondoka.

"Na jina la baba yake?" niliuliza. Kwetu hilo ni swali la kawaida, kwa jina la pili unajua mtu ni wa nyumba gani. Kule kila mtoto hupewa jina lake peke yake, halimfuati baba wala babu. Uwase ni Uwase tu, na ukilisikia hujui ukoo wala mlango wake.

Dorkasi akakunja uso. "Usimwulize. Nimewakataza wote kumwuliza. Mama yake ni mimi."

Alikuwa anaogopa. Nilimfahamu tangu utotoni na nilikuwa sijawahi kumwona anaogopa. Kila siku Kigali watu walikuwa wakitokeza, mjomba hapa, shangazi pale, wanatafuta waliobaki. Jina moja tu la baba lingetosha kumleta mtu mlangoni.

Nikabadilisha mazungumzo, nikasema nina njaa. Mezani niliona bilauri ya maziwa na kichupa cha asali, vimefunikwa kitambaa, nikanyoosha mkono.

"Hayo ni ya baada ya maji," alisema. "Tunafunga mpaka Jumapili. Mtoto tu ndiye anakula."

"Tunafunga nani?"

"Mimi, mchungaji, na wewe. Wewe si ndiye uliyetufundisha? Zamani anayebatiza na anayebatizwa walifunga kwanza, na wengine wenye uwezo. Na wakitoka majini walipewa maziwa na asali."

Sikuwa na pa kutokea. Hivyo ndivyo walivyofanya, na niliyesema ni mimi. Senene walikuwa pale kwenye kopo wananinukia, nami nikanywa maji.

Kisha akaniambia ni wapi. Mchungaji wao, mtu aliyekulia Uganda, ana kikundi kinachosali kwenye ghala la zamani hapo mtaani, na yeye habatizi isipokuwa kwa kuzamisha mtoni. Jumapili wangempeleka Uwase Nyabarongo. Mnaujua mto huo hata kama hamjauona, maji yake ndiyo yanayoingia Akagera na kutufikia sisi.

"Dorkasi, mto ule?"

"Mto ule."

"Wakristo hao hao walisema pia, kama maji yanayotembea hayapo, tumia mengine, na kama ni machache mimina kichwani mara tatu. Beseni linatosha."

"Nakumbuka. Nakumbuka na lile jingine. Ulisema wazee wa kanisa la kwanza walifundisha kwamba Bwana hakuingia Yordani ili yeye aoshwe. Aliingia ili kuyasafisha maji." Akainamia meza. "Sasa nani atayasafisha haya? Mtu akianza kuingia humo kwa ajili ya uhai, si ndipo yatakapoanza kuwa maji tena?"

Nilifundisha hilo miaka yote nikilisoma kama orodha ya vifaa vya shule. Sikujua kama ana haki au amechanganyikiwa kwa majonzi, na niliogopa kwa sababu vyote viwili vilionekana kweli. Nikashika kitu kimoja nilichokuwa na uhakika nacho: ubatizo ni mmoja, haurudiwi. Kama mtoto alikwisha batizwa je?

"Nani ataniambia?"

"Zamani nao walibishana hivyo. Maaskofu wa Afrika Kaskazini walisema aliyebatizwa na kundi lililojitenga abatizwe upya. Rumi ikasema hapana, maji ni mara moja."

"Nani alishinda?"

"Mwishoni Rumi, kwa sehemu kubwa. Lakini walibishana muda mrefu."

"Basi hata wao hawakujua," alisema, akaenda kuanua nguo.

Uani, na taulo la bluu

Jumamosi mchana nilifikiri jambo moja dogo ninaloliweza. Kama mtoto lazima azamishwe, basi ajue kitakachotokea, asishtuke. Nikaleta beseni uani, nikapiga magoti, nikamwambia Dorkasi amfasirie. Nikaonyesha mchungaji atakavyomshika mgongoni, jinsi ya kuziba pua, jinsi ya kuinuka. Nilijilowesha kichwa chote. Uwase alinitazama kwa subira ile ya watoto wanapomwona mtu mzima anakosea, kisha akatikisa kichwa.

Akaenda kwenye kamba, akavuta taulo la bluu, akalikunja akalipakata mkono wa kushoto, kichwa cha taulo kwenye kiwiko. Akaniondoa kwenye beseni. Akachota maji kwa kiganja, akamimina juu ya taulo mara tatu, na akasema maneno. Kinyarwanda changu ni cha kusalimia tu, lakini haya niliyafuata: Data, ndiyo Baba, na Mwana, na Roho Mutagatifu. Dorkasi akasimama. Waprotestanti wa huko humwita Roho Mtakatifu kwa neno jingine. Hili ni la Wakatoliki, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kulitamka.

"Ceceka, Aloyizi," mtoto aliliambia taulo. Nyamaza, Aloyizi.

Dorkasi akamwuliza Aloyizi ni nani. Mtoto akaeleza huku analibembeleza taulo, bila kusita, na mimi nikangoja tafsiri. Ilikuja vipande vipande.

"Ni mdogo wake. Anasema alilia sana kanisani, watu wakageuka. Anasema yeye aliona haya." Akasikiliza kidogo. "Anasema mama yake akamwinamia akamwambia, hata wewe siku yako ulilia hivi hivi."

Baada ya hapo hakutafsiri tena, ingawa mtoto aliendelea kusema. Nilikaa pale maji yananichuruzika shingoni. Jibu nililolitafuta nilikuwa nimelipata, na sikujua kama nishukuru au niombe msamaha.

Jumapili

Mchungaji alikuja asubuhi na kanzu nyeupe ya mtoto mkononi. Ni mtu mpole, mrefu, na alikuwa amefunga kweli, midomo imekauka.

"Dada Dorkasi, watu wanangoja. Mutoto iko tayari?"

"Hatuendi. Amekwisha batizwa, kwa Wakatoliki, akiwa mchanga."

"Akiwa muchanga? Hiyo siyo ubatizo, dada. Mutoto ya siku chache inaamini nini?" Akanigeukia. "Mwalimu, wewe umesoma haya mambo. Wale wa kwanza walifanya nini?"

Wote wakanitazama, hata Uwase. Nilitamani sana kuwa na jibu moja. Nikawaambia ukweli: wako waliosema heri kungoja mtu akue, na wako waliowabatiza watoto wadogo pamoja na nyumba nzima. Nao hawakuelewana.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi sijui. Ninachojua, walipowabatiza wasioweza kusema, mzazi alisema kwa niaba yao."

Nilimwona Dorkasi anawaza. Mchungaji alikuwa amemwachia mlango wazi. Angeweza kuamini kwamba yale ya Wakatoliki hayahesabiki, ampeleke mtoni, ampe jina alilomchagulia, awe yeye ndiye aliyemsemea. Hakuna ambaye angemlaumu, na mimi nisingemlaumu.

"Mzazi wake alikwisha kusema," alisema.

"Kwani mama yake siyo wewe?" Mchungaji aliuliza bila ubaya. Hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyoambiwa.

"Mimi nimekuja baada."

Mchungaji akaikunja kanzu taratibu, akakaa kwenye kiti, na hakubishana. Dorkasi akapiga magoti mbele ya Uwase, akamshika mikono miwili, akamwuliza lile alilomkataza kila mtu kuuliza, mama yako alikuwa anaitwa nani. Nililielewa kwa sababu alilisema polepole sana. Mtoto akamtajia pale pale, la mama na la baba, na kilima walichokaa. Alikuwa anangoja tu kuulizwa.